Pesa za Kaunti Zikipungua, Sema Zitoke Wapi

Tangazo hutoka gazetini kwenye kurasa za ndani, kwa herufi ndogo: wakazi wanaalikwa kutoa maoni kuhusu makadirio ya bajeti ya kaunti, mkutano ni Alhamisi saa nne asubuhi, ukumbi wa wadi. Mwezi ni Mei. Wanaofika huandikisha majina, hukaa, husomewa takwimu haraka haraka, kisha maikrofoni huanza kuzunguka. Mmoja anataka barabara ya kwenda sokoni. Mwingine anataka maji. Mama mmoja anaulizia basari. Mzee aliyeketi mbele anasimama, anasema kaunti ina ufujaji mwingi na lazima matumizi yapunguzwe, na ukumbi mzima unampigia makofi. Karani anaandika. Soda zinagawanywa. Mwisho wa Juni bajeti inapitishwa, na maneno ya siku ile hayajahamisha hata shilingi moja kutoka idara hii hadi ile.

Jibu jepesi ni kwamba viongozi hawasikilizi, na wako kweli wasiosikiliza. Lakini hata kamati yenye nia njema ingeyafanyia nini maneno yale? Hakuna kipengele cha bajeti kinachoitwa ufujaji. Na anayetaka barabara bila kusema ni kitu gani kiachwe ili ijengwe, anaomba jambo ambalo sheria imelifungia mlango. Kifungu cha 131 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya Kenya ya mwaka 2012 kinasema bunge la kaunti likitaka kuongeza pesa mahali, sharti lipunguze pengine. Mwakilishi wako wa wadi, MCA, hata akikupenda vipi, hawezi kuongeza tu. Ukimpelekea ombi la upande mmoja umemwachia yeye achague wa kunyang'anywa, na hakuna mwanasiasa anayeipenda kazi hiyo.

Kwa hiyo kila unapotaja pa kuweka, taja na pa kutoa. Mengine yote nitakayoyaeleza hapa ni ya kukusaidia kulifanya hilo moja vizuri, hasa mwaka ambao pesa zimepungua.

Nguvu ya kutaja tuliiona mwaka 2024, ingawa kwa uchungu mwingi. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulilenga kukusanya shilingi bilioni 346. Vijana waliuchambua kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za mama, mpaka mwenye duka kijijini akajua kodi ya magari ya asilimia 2.5 ni nini na VAT ya mkate imetoka wapi. Juni 25 waandamanaji waliingia Bungeni na watu wakauawa; siku iliyofuata Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini mswada huo. Julai 5 akaeleza jinsi pengo litakavyozibwa: bilioni 177 kwa kupunguza matumizi, bilioni 169 kwa kukopa. Angalia vitu alivyovitaja siku hiyo. Bajeti za ofisi za mke wa Rais na mke wa Naibu Rais ziondolewe. Bajeti za siri za ofisi za serikali kuu ziondolewe. Ununuzi wa magari mapya ya serikali usimamishwe kwa miezi 12. Pesa za kukarabati majengo zipunguzwe kwa nusu. Ni matumizi ya aina ileile ambayo wananchi walikuwa wakiyalalamikia kwa jina.

Pale ambapo umma haukutaja, wengine ndio walioamua. Mgao wa kaunti 47, uliokuwa umepangwa kuwa bilioni 400.1, ulishuka hadi bilioni 387.4 baada ya mvutano mrefu wa Bunge la Taifa na Seneti, na kaunti nazo zikalazimika kupangua hesabu zao. Sikumbuki bango lolote la Juni lililozungumzia mgao wa kaunti.

Mei umechelewa

Bajeti ya kaunti ina kalenda ya kisheria. Kufikia Septemba 1, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata, ADP, huwa umewasilishwa katika bunge la kaunti. Kufikia Februari 28 huja Waraka wa Mkakati wa Fedha, ambao maafisa wote huuita CFSP. Kufikia Aprili 30 yanakuja makadirio yenyewe. Kufikia Juni 30 yawe yamepitishwa, maana mwaka wa fedha huanza Julai 1. Ziandike tarehe hizi kwenye kalenda ya ukutani.

Hati ya kuwinda ni CFSP. Humo ndimo kila idara hupangiwa ukomo wake: afya isizidi hapa, kilimo kisizidi hapa, ofisi ya gavana isizidi hapa. Ukomo huo ukishaidhinishwa, Kanuni ya 37 ya kanuni za fedha za kaunti za mwaka 2015 inawazuia wawakilishi kuongeza au kupunguza fungu la idara kwa zaidi ya asilimia moja. Piga hesabu. Idara iliyotengewa shilingi milioni 500 inaweza kusogezwa kwa milioni 5, basi. Mkutano wa Mei, pamoja na mahema na soda zake, unagombania ile asilimia moja na namna ya kupanga vitu ndani ya idara. Swali la kama afya ipunguziwe ili ofisi za makao makuu zimalizwe lilijibiwa Februari, na huenda hukusikia hata lilipoulizwa.

Kifungu cha 117 cha ile Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma kinaitaka Hazina ya Kaunti itafute maoni ya umma inapoandaa waraka huo, kwa hiyo haki ya kusikilizwa mapema unayo. Tatizo ni kuzipata karatasi. Anza kwa msimamizi wa wadi na tovuti ya kaunti. Ukizungushwa, andika barua ya kuomba taarifa chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Afisa ana siku 21 za kukujibu, na asipojibu unaweza kulalamika kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile inayojulikana zaidi kama ofisi ya Ombudsman. Siku 21 ni nyingi wakati tarehe zinakimbia, kwa hiyo barua ya kuomba rasimu na takwimu za mwaka uliopita iende mapema Desemba, kabla watu hawajafunga ofisi kwa ajili ya Krismasi. Januari utakuwa na kitu mkononi.

Kuna mlango mwingine ambao wengi hawaujui. Kifungu cha 137 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma kinaunda jukwaa la bajeti na uchumi la kaunti, ambalo mwenyekiti wake ni gavana. Pamoja na mawaziri wake huketi wawakilishi wasio maafisa wa kaunti, idadi sawa na ya mawaziri hao, waliopendekezwa na mashirika ya wafanyabiashara, wataalamu, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya dini. Uliza majina yao. Mara nyingi utakuta mmoja ni mtu mnayesali naye, na hajawahi kuulizwa na yeyote alisema nini kwenye kikao.

Kitabu cha bajeti jioni moja

Kitabu chenyewe kinaweza kuwa na mamia ya kurasa na huandikwa kwa Kiingereza cha kiofisi. Usianze ukurasa wa kwanza, penye hotuba na picha. Anza na mapato.

Pesa za kaunti hutoka sehemu tatu kubwa: mgao kutoka Hazina ya Kitaifa, misaada yenye masharti, na mapato ya kaunti yenyewe, yaani ada za soko, maegesho, leseni za biashara, kodi za viwanja na malipo ya hospitali. Hii ya tatu ndiyo inayotiwa chumvi. Tafuta kiasi kilichokusanywa kweli mwaka uliopita. Kimo katika ripoti za Msimamizi wa Bajeti, ambazo hutolewa kila robo mwaka na hupatikana bure mtandaoni, kaunti baada ya kaunti. Kisha tazama makadirio mapya yanasemaje. Tuseme mwaka jana kaunti ilikusanya milioni 300, na mwaka huu inasema itakusanya milioni 700. Hakuna soko jipya, hakuna hospitali mpya, wala kilichobadilika katika ukusanyaji. Ile milioni 400 ya juu haipo, lakini tayari imeshagawiwa: kisima hapa, daraja kule, chekechea tatu pale.

Mwaka ukianza, mishahara hulipwa kwanza. Posho hazikawii. Mwenye kandarasi ya kisima anaambiwa angoje, anangoja, na Juni ikifika deni lake linahamishiwa mwaka unaofuata kama bili isiyolipwa. Hivi ndivyo kaunti hupunguza bajeti bila kumtangazia mtu. Hakuna kikao kilichoketi kuamua kwamba kisima kisichimbwe. Ukitilia shaka punguzo linalosomwa hadharani, tilia shaka mara mbili lile ambalo halisomwi. Swali la kuuliza ni moja, nawe uliulize kwa maandishi: mapato yasipofikia lengo, ni miradi gani itaachwa kwanza? Kaunti inayolijibu swali hilo imejifunga. Inayokataa kulijibu imekujibu kwa njia nyingine.

Baada ya mapato, tazama viwango viwili. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo, na kanuni za 2015 zinataka mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato yote. Kaunti nyingi zimeuvuka ukomo huu wa pili. Ile ya asilimia 30 nayo ni rahisi kuitimiza karatasini, kwa hiyo usiridhike na makadirio; rudi kwenye ripoti ya Msimamizi wa Bajeti uone ni kiasi gani kilitumika kweli kwa maendeleo. Tofauti ya nambari hizo mbili ndiyo miradi ambayo mliahidiwa mkaikosa.

Sasa ingia katika idara. Kila kipengele kina nambari ya tarakimu saba, na nambari hizo ni zilezile kutoka Mombasa hadi Turkana, jambo linalorahisisha kazi sana. 2210300 ni safari za ndani na posho zake. 2210400 ni safari za nje. 2210700 ni mafunzo, ambayo mara nyingine ni hoteli na posho kwa jina lingine. 2210800 ni ukarimu: chai, chakula, kumbi. 2211200 ni mafuta ya magari. 2211000 ni vifaa maalumu, na dawa za hospitali zimo humo. Mpe kijana mwenye simu faili ya bajeti, atafute nambari moja baada ya nyingine na kuandika kiasi cha kila idara kwenye daftari. Jioni moja inatosha. Mkimaliza mtakuwa na jedwali ambalo pengine waziri wa fedha wa kaunti mwenyewe hajawahi kuliona likiwa limejumlishwa namna hiyo.

Kabla ya kupanda jukwaani na jedwali hilo, linganisha jumla yake na mishahara. Safari za viongozi zinaudhi kuliko zinavyokula. Kaunti ambayo nusu ya pesa zake ni mishahara haitaokolewa kwa kufuta tiketi za ndege, na ukiifanya hoja yako yote kuwa safari, afisa wa bajeti atakuonyesha kwa upole kwamba umeokoa sehemu ndogo tu, kisha atakaa chini. Zitaje, maana zinaonyesha tabia, lakini usizitegemee kujenga hospitali. Wala usidanganyike kudai mishahara ikatwe kwa jumla, kwani wa kwanza kuumia huwa muuguzi wa mkataba. Dai ukaguzi wa orodha ya wafanyakazi, na soma ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu kaunti yako uone kama alishalalamikia ajira au malipo yasiyoeleweka. Ukinukuu ukurasa wa ripoti hiyo, hakuna atakayekuambia ni siasa.

Ningeulizwa mimi nianze wapi kukata, ningeanza na majengo mapya. MCA hupenda kuzindua jengo, na hilo linaeleweka, lakini kila zahanati mpya inaomba wauguzi, dawa na umeme kila mwaka baada ya utepe kukatwa. Mwaka wa ukata, ramani ya miradi mipya ifungwe, pesa zimalize iliyokwama na kuzinunulia dawa zahanati zilizokwisha simama. Ni msimamo wangu, na nimeshakutana na watu wenye akili wanaoupinga, hasa wanaotoka vijiji ambavyo havijawahi kupata zahanati hata moja. Hoja yao ina uzito. Ndiyo maana inafaa kuwauliza watu kabla ya kuandika kwa niaba yao.

Kuuliza majirani bila kujidanganya

Muulize mtu yeyote kama serikali ipunguze matumizi, atasema ndiyo. Muulize kama ipunguze afya, atasema hapana. Maji? Hapana. Barabara? Hapana kabisa. Chekechea? Hapana. Watu hawajipingi kwa ujinga. Swali ndilo baya, kwa sababu halimlazimishi mtu kuchagua. Makaratasi ya maoni yanayogawiwa kwenye mikutano mengi yana kasoro hiyohiyo: yana nafasi ya kuandika unachotaka, hayana nafasi ya unachokiacha.

Njia ninayoipenda inahitaji punje za mahindi na vikombe. Weka vikombe vitano au sita, kila kimoja na mchoro au kitu kinachokitambulisha: chupa ndogo ya dawa, kipande cha mfereji, jiwe la barabara, chaki, jembe. Kimoja kiwe cha uendeshaji wa ofisi, maana nacho kinakula pesa. Mpe mtu punje kumi azigawe anavyoona inafaa. Andika alivyogawa. Kisha mwambie pesa zimepungua, atoe punje tatu. Hapo ndipo maoni ya kweli yanapoanza. Utamwona mtu ananyoosha mkono kwenye barabara, anaurudisha, anaitazama dawa, anarudi kwenye barabara. Muulize kwa nini, na uandike maneno yake kama alivyoyasema. Mwanamke anayeteka maji mbali na mwendesha boda hawatatoa punje kikombe kimoja, na tofauti hiyo kamati inapaswa kuijua kuliko wastani wenu.

Usifanyie zoezi hili ukumbini, ambako mtu hutazama jirani kaweka wapi. Nenda kisimani, kwenye steji ya boda, kwenye kikao cha chama, nje ya msikiti baada ya Ijumaa, nje ya kanisa Jumapili, na kwa mtu mmoja mmoja. Nenda pia nyumbani kwa wale wasiotoka: wagonjwa, wazee, mama mwenye mtoto mchanga. Ukiandika matokeo, usiandike kamwe "wananchi wote wanataka". Andika mliuliza watu wangapi, wanawake wangapi, vijiji vipi, lini. Watu 40 waliohesabiwa vizuri wanasikika kuliko "umma wote" ambao hauna orodha.

Matokeo mengine yatakukera. Basari, kwa mfano, hushinda karibu kila mahali. Lakini Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za sekondari na vyuo vikuu ni vya serikali ya kitaifa, na mwaka 2025 suala la basari za kaunti lilizua mvutano kati ya magavana na Msimamizi wa Bajeti. Sisemi umfiche mama anayetaka karo ya mwanawe. Weka maoni yake, uongeze mstari mmoja kueleza jukumu hilo ni la nani, ili kamati isipate kisingizio cha kulitupa pendekezo zima.

Ukurasa mmoja

Memoranda nzuri, yaani maoni yenu kwa maandishi, haizidi ukurasa mmoja na jedwali lake. Iandike kwa Kiswahili ukipenda: Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili na Kiingereza ndizo lugha rasmi, na hakuna karani anayeweza kukurudishia karatasi kwa sababu hiyo. Iandikie Hazina ya Kaunti ikiwa ni Januari au Februari, na karani wa bunge la kaunti kwa ajili ya kamati ya bajeti ikiwa waraka au makadirio yameshafika bungeni.

Huu hapa mfano. Nambari za vipengele ni za kweli. Kiasi cha pesa nimekitunga ili uone umbo.

"Sisi wakazi wa vijiji vitatu vya wadi hii, watu 40 tulioulizwa mmoja mmoja kati ya Januari 8 na 15, wanawake 22 na wanaume 18, tunapendekeza: kipengele 2211000 cha idara ya afya, upande wa dawa za zahanati, kiongezwe kwa shilingi milioni 12. Pesa hizo zitoke: milioni 5 katika 2210700 ya idara ya utumishi wa umma, iliyopanda kutoka milioni 9 hadi milioni 16 bila maelezo, na milioni 7 katika ujenzi wa zahanati mpya ambayo haijapewa wafanyakazi katika rasimu hii. Sababu: zahanati yetu ilikosa dawa za malaria mara nne tangu Julai, kama daftari lake linavyoonyesha. Mapato ya kaunti yasipofikia lengo, tunaomba kipengele hiki kisiguswe."

Tazama kilichomo. Mahali pa kuweka, mahali pa kutoa, jumla zinazolingana, sababu yenye ushahidi unaoweza kukaguliwa, na ombi la kulinda pesa hizo zikipungua tena. MCA anaweza kuisimamia bungeni bila kubadilisha neno. Ukiona jumla zako hazilingani, usiipeleke. Afisa ataanzia hapo kukupinga.

Linganisha pia na mwezi. Kuhamisha pesa kutoka idara moja hadi nyingine, kama katika mfano huu, ni hoja ya Februari. Ikiwa ni Mei, tafuta pa kutoa ndani ya idara ileile ya afya, au bakia ndani ya ile asilimia moja.

Chapisha nakala mbili. Moja waachie, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mbele yako. Muhuri huo ni muhimu kuliko hotuba yoyote, kwa sababu ushiriki wa umma si hisani. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Wasimamizi wa kaunti hawajaisahau kesi ile, na karatasi yenye muhuri inawakumbusha bila wewe kutishia mtu.

Kisha nenda kwenye mkutano. Ndiyo, nenda hata ule wa Mei. Usisome memoranda yote. Sema sentensi mbili, taja nambari ya kipengele, taja tarehe ya muhuri, uombe jibu liandikwe katika ripoti ya kamati. Kama mko kumi, gawaneni hoja, maana watu kumi wakirudia jambo moja karani huandika mara moja.

Baada ya Juni

Ukishinda, usisherehekee bado. Bajeti iliyopitishwa inaweza kubadilishwa na bajeti ya ziada, na hapo ndipo miradi ya wananchi huhamishwa kimyakimya, mara nyingine wiki chache kabla ya mwaka kwisha. Mikutano ya umma kuhusu bajeti ya ziada, ikifanyika, hutangazwa kwa haraka na huhudhuriwa na wachache mno.

Julai omba nakala ya ukurasa wa bajeti iliyoidhinishwa wenye kipengele chenu, uuweke pamoja na ile memoranda yenye muhuri. Ripoti ya robo ya kwanza inahusu Julai hadi Septemba. Itafute kuanzia Novemba, uone kama senti imetoka. Usishtuke ukikuta sifuri katika robo hiyo, kwa sababu Hazina ya Kitaifa hukawia kutuma mgao na kaunti zote huanza mwaka kwa kuchechemea. Sifuri ya robo ya pili ndiyo ya kuandikia barua, na barua hiyo iulize jambo moja tu: kipengele hiki kimeombewa pesa kwa Msimamizi wa Bajeti au la, na kama kimeombewa, lini?

Na ukisikia bajeti ya ziada imewasilishwa, iombe siku hiyohiyo. Ina safu mbili za kulinganisha, makadirio yaliyoidhinishwa na yaliyorekebishwa. Pitisha kidole hadi kwenye nambari yenu. Kama tarakimu imepungua, mpigie MCA, na barua ya pingamizi ifike kwa karani wa bunge kabla kamati haijaketi, ikisema zirudishwe kiasi gani na zitolewe kipengele kipi.